Mtemi Makongoro, Mtoto Kambarage na Mchezo wa Soro

Na Mwalimu wa Chuo cha Kurani, Nyanungu, Tarime



Wazazi wengi huuliza swali hili: je, mtoto wa Kiislamu aachwe acheze bao, sataranji na michezo mingine ya akili, au azuiwe kabisa? Wako wanaoona kwamba mchezo wote ni upotevu wa wakati, wakamnyang'anya mtoto kete na kumtupia jalalani. Na wako walioacha mambo yaende bila mpaka, hata Sala ikapita baba na mwana wote wameinamia ubao. Makundi haya mawili yote yamekosa njia.

Katika makala haya nataka kulijibu swali hilo kwa khabari ya kweli iliyotokea katika mkoa wetu huu wa Mara, baina ya mtemi mwenye jina kubwa na mtoto mdogo wa mtemi mwenziwe. Khabari hiyo wameisimulia waandishi wa maisha ya marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, nayo ni fupi. Lakini ukiitafakari utaona kwamba haimhusu Mwalimu peke yake. Yatuhusu sisi sote tulio na watoto nyumbani na wanafunzi chuoni.

WATEMI WAWILI MAJIRANI

Mtemi Nyerere Burito alikuwa mmoja wa watemi wa Wazanaki, na makao yake yalikuwa Butiama. Alishika utemi mwaka 1915, akakaa nao mpaka alipofariki mwaka 1942. Alikuwa na wake 22, na mke wake wa tano, Bibi Mugaya, ndiye aliyemzaa Kambarage mwaka 1922. Basi fikirini, wasomaji: mtoto huyu alikuwa mmoja katika nyumba yenye watoto wengi sana. Kazi yake ilikuwa ile ya watoto wote wa zama zile, kuchunga mifugo na kumsaidia mama shambani. Butiama haikuwa na shule. Hapakuwa na dalili yoyote ya kumtenga Kambarage na ndugu zake.

Katika nchi jirani ya Ikizu alitawala Mtemi Mohamed Makongoro, naye alikuwa Mwislamu. Watemi hawa walitembeleana kwa shauri za nchi na kwa urafiki. Na kama ilivyo desturi ya wazee wa huku, maneno yakipungua huletwa mchezo. Mchezo wenyewe ni soro, ndugu wa karibu wa bao ambalo watu wa pwani wanalijua.

Mtemi Makongoro akawa akicheza soro na mtoto Kambarage. Mtoto akamshinda. Wakacheza tena, akashindwa tena. Mtemi hakukasirika, wala hakusema kwamba mtoto ana bahati. Alimwendea baba yake akamshauri kwamba mtoto mwenye akili ya namna hii apelekwe shule.

Mtemi Burito alikubali shauri la mwenziwe. Mwaka 1934 Kambarage, umri wake kama miaka 12, alitoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa zaidi ya maili 20. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia shule ya Tabora. Kisha akaenda Makerere mwaka 1943, na Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hata 1952. Mwaka 1954 chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa rais wake, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru yeye akiwa waziri wake mkuu.

Sisemi kwamba soro ndiyo iliyoleta uhuru. Uhuru uliletwa na watu wengi, kwa jasho la wengi, kwa majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Nasema tu kwamba mlango wa kwanza wa mtoto yule, ule wa kutoka zizini na kuingia darasani, ulifunguliwa na mtu mzima aliyekaa naye mchezoni, akamtazama vizuri, kisha akasema aliyoyaona.

BAO HUFUNGULIWAJE

Pengine msomaji atauliza: mtu mzima aweza kuona nini kwa mtoto anayehesabu kete tu? Kwa asiyejua bao, mchezo ni kuzungusha mbegu katika vishimo. Walakini anayelijua atakwambia kwamba ufunguzi peke yake wamtosha kumpima mtu. Kwa hivyo niruhusuni niueleze ufunguzi wa bao la Kiswahili, ambalo kanuni zake zajulikana vizuri.

Ubao una safu 4, kila safu ina vishimo 8, jumla vishimo 32. Kete ni 64, na zilizo nzuri ni komwe, zile mbegu ngumu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu 2 zilizo upande wake na kete zake 32. Lakini hazipangi zote tangu mwanzo. Katika safu yake ya mbele kiko kishimo kiitwacho nyumba, na aghalabu mafundi hukichonga mraba ili kitambulike. Hutia kete 6 katika nyumba, kisha kete 2 katika kila kimoja cha vishimo viwili vinavyofuata upande wake wa kulia. Hizo ni kete 10. Zilizobaki, kete 22, huziweka ghalani, naye huingiza moja kila zamu yake ifikapo. Sehemu hii huitwa namu, nayo ndiyo ufunguzi wa bao. Kete za ghalani zikiisha kwa wote wawili, ndipo huingia sehemu ya pili iitwayo mtaji, ambamo huchezwa kwa kete zilizomo ubaoni tu.

Sasa tazameni mpango huu. Wachezaji wamekaa wakielekeana, basi kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Kila mmoja amepanga kete kulia kwake. Kwa hivyo mwanzo wa mchezo hakuna kishimo chenye kete cha huyu kinachotazamana na kishimo chenye kete cha yule. Na kula katika bao kwataka jambo hilo hasa: kishimo changu chenye kete kitazamane na chako chenye kete. Hapo nikitia kete yangu, nazichukua zako zote za kishimo kile cha mbele na kuzigawa upande wangu kuanzia kichwani, yaani kishimo cha mwisho wa safu. Kete zikiliwa hazitoki ubaoni. Hubadili mwenyewe tu, na zile 64 zilizoanza ndizo zitakazomaliza.

Kwa sababu hiyo anayeanza hana cha kula. Mkono wake wa kwanza ni wa kutakata, yaani kucheza pasipo kula. Haruhusiwi kugusa nyumba maadamu ana kishimo kingine, basi atatia kete moja katika kimojawapo cha vile vishimo viwili, ziwe 3, azigawe kushoto au kulia.

Hapo ndipo tabia ya mtu huanza kuonekana. Akigawa kushoto, kete zake hupita nyumba yake mwenyewe na kufika mbele ya nyumba ya mwenziwe. Amemtisha, kwa kuwa sasa nyumba ile yenye mali imekabiliwa. Lakini papo hapo amemfungulia mlango, maana mwenziwe naye amepata cha kula, na zamu ni yake. Akigawa kulia, kete zake hukimbilia kichwani na safu ya nyuma. Hajamwuma mtu wala hajaumwa, ila amemwachia mwenziwe kuchagua vita vianzie wapi. Njia zote mbili zachezwa na watu hodari. Fundi na mwanagenzi hutofautiana katika jambo jingine: fundi ameyaona yatakayofuata kabla hajainua mkono.

Kisha ziko kanuni zinazomfunga mchezaji. Ukiwa na cha kula, ni lazima ule, hata kama kula huko kutakuharibia mbele. Kwa hivyo bingwa humlisha mwenziwe kusudi, akampa kete moja au mbili ili amvute mahali atakapompokonya kumi. Mtoto mwenye pupa hufurahi kula, asijue kwamba ameitwa. Tena iko khiyari ya nyumba: mchezaji anapokula, kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake, aweza kulala hapo, nyumba ikabaki salama, au aweza kuivunja na kwenda nayo safari kuzunguka ubao. Huo ni uamuzi mzito. Akiba iliyovunjwa mapema huweza kushinda mchezo, na huweza kumwacha mtu mtupu. Akiba inayolindwa kupita kiasi huliwa na mwenziwe yote kwa mkono mmoja.

Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele imekauka, au hana tena mkono wa kucheza. Na hutokea mchezo ukaisha katika namu, kete za ghalani zingalipo, kwa sababu ya ufunguzi mbaya tu.

Hesabu za mchezo huu si ndogo. Mkono mmoja huweza kula, ukagawa, ukafika penye kete panapotazamana na kete, ukala tena, ukageuka mara nyingi kabla ya kulala. Mtaalamu mmoja wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar akitaka kujua kiasi cha yale ambayo akili ya mwanadamu yaweza kuyabeba, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka Leiden mwaka 1995. Wazee wetu wanaocheza barazani jioni, ambao vijana wengine huwadharau kwa kuwa hawakusoma Kiingereza, ndio waliofuatwa kutoka Ulaya ili wasomeshe watu maana ya kufikiri.

MTEMI ALIONA NINI

Sasa turudi kwa Mtemi Makongoro. Mtoto amshindaye mtu mzima katika mchezo wa kete ana mambo matatu, na kila mwalimu anayajua kwa kuwa ndiyo anayoyatafuta kwa mwanafunzi.

La kwanza ni kuhesabu kabla ya kugusa. Mtoto aliye wengi hutia mkono kwanza, kisha ndipo atazame kulikotokea nini. Yule mwenye akili ya elimu husimama. Macho yake yaenda mbele ya mkono wake. Chuoni kwangu humtambua kwa namna anavyosoma Aya: hasomi neno moja moja kama anayeokota kuni, bali jicho limeshafika kwenye waqfu kabla ulimi haujafika.

La pili ni kukumbuka. Ghala ya mwenzio ina kete ngapi? Nyumba yake imefika ngapi? Katika bao si adabu kutia vidole vishimoni kuhesabu za mwenzio kila mara. Wapasa kuzishika kichwani. Anayeweza hayo aweza kushika tarakimu, tarehe na sarufi.

La tatu, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni kutoogopa uso wa mkubwa. Mtoto Kambarage alicheza na mtemi, mgeni wa baba yake, mtu ambaye watu wazima walimwinamia. Angeweza kutetemeka, au angeweza kumwachia ashinde kwa adabu ya uongo. Hakufanya hivyo. Alimheshimu kwa mwenendo, lakini ubaoni alicheza haki.

Hayo ni ya mtoto. Na mtemi je? Wasomaji, naomba tumtazame na yeye, maana mara nyingi tunapoisimulia khabari hii humsifu mtoto tukamsahau mzee.

Kushindwa na mtoto mbele ya watu si jambo dogo kwa mwenye cheo. Wako watu wazima wasiokubali kufungwa hata na watoto wao wenyewe: akiona anashindwa atavuruga kete, au atasema, "Inuka, kalete maji." Mtemi Makongoro alishindwa, akakubali kwamba ameshindwa, na zaidi ya hayo akaitafuta sababu. Kiburi kingalimziba macho asiione.

Tena, mtoto yule hakuwa wake. Hakuwa wa kabila lake la Ikizu, wala hakuwa wa dini yake. Kambarage alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akapata jina la Julius. Mtemi Makongoro hakumshauri Burito kwa kutazamia faida. Aliona neema ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka kwa mtoto wa jirani, akaona ni khiyana kunyamaza. Dini yetu imetilia mkazo haki ya jirani, nasi hudhani kwamba haki hiyo ni kumpelekea mchuzi tu. Kumwambia jirani neno la kweli juu ya mwanawe ni katika haki hiyo pia.

SATARANJI YA BAGHDAD

Khabari kama hizi si ngeni katika tarikhi ya Waislamu. Zama za Makhalifa wa Bani Abbas, mchezo wa sataranji ulisitawi sana Baghdad, na mabingwa walishindanishwa mbele ya Khalifa. Khalifa al-Muktafi, aliyetawala mwaka 902 hata 908, alikuwa na mchezaji wake mpendwa aitwaye al-Mawardi. Akaletwa mtu mwingine, Abu Bakr as-Suli, mwanachuoni wa adabu na tarikhi. Mwanatarikhi al-Masudi ameeleza kwamba walipocheza, Khalifa kwa mapenzi yake alikuwa upande wa al-Mawardi. Lakini as-Suli alimshinda ushindi ulio wazi, na Khalifa mwenyewe akalazimika kuukubali. Kete hazikujua nani anapendwa na mfalme.

As-Suli ndiye aliyeandika juu ya ufunguzi wa sataranji, nao waliuita taabiya, maana yake kupanga askari kabla ya vita. Katika sataranji ya zamani ile waziri alikwenda nyumba moja tu kwa pembeni, naye tembo aliruka mbili tu. Kwa hivyo majeshi yalichelewa kukutana, na kila mchezaji alipata nafasi ya kupanga watu wake mikono mingi kabla ya kugusana. Ubora wa mchezaji ulijulikana katika mpango huo wa kimya. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 15, watu wa Ulaya walimbadili waziri wakamfanya malkia mwenye nguvu za kwenda mbali, na mchezo ukawa wa kasi kama tunaouona leo. Lakini kanuni ya as-Suli haikuharibika: anayepanga vizuri mwanzo hupunguza majuto mwishoni.

BINTI WA KATWE

Na kwa wale wanaodhani kwamba mambo haya ni ya zamani tu, au ni ya wanaume tu, natoa mfano wa jirani zetu wa Uganda. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, mtaa wa watu maskini sana, kijana aitwaye Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto sataranji, akiwapa na uji. Mwaka 2005 alikuja binti mdogo aitwaye Phiona Mutesi, ambaye alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, naye kilichomleta ni ule uji. Mwaka 2009 Phiona na wenzake wawili wa Katwe walikwenda Sudan kushindana na watoto wa nchi nyingine za Afrika, wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 huko Istanbul alijipatia daraja ya kimataifa. Alirudi masomoni, mpaka akafika chuo kikuu Marekani.

Tazameni jinsi khabari hizi mbili zinavyofanana, ingawa baina yake imepita miaka 70. Mtoto asiyetazamiwa, mchezo unaotaka akili, na mtu mzima mmoja aliyekuwapo na macho yake yakiwa wazi. Akikosekana huyo wa tatu, wale wawili wa kwanza hawafiki popote. Watoto wenye akili hawajaadimika, wala michezo haijaadimika. Waliopungua ni watu wazima wa kukaa nao.

SHERIA YASEMAJE

Sasa nakuja kwenye hukumu, maana najua iko katika nyoyo za wengi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maidah, Aya ya 90 na ya 91, ameharimisha kamari pamoja na ulevi, na ametaja sababu: hutia uadui na chuki baina ya watu, na huwazuia na kumkumbuka Mungu na kusali. Na michezo ya dado imekuja katika Hadithi kwa makatazo makali.

Ama sataranji, maulamaa wamekhitalifiana. Wengi katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, Imamu Malik na Imamu Ahmad wameikataza. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya walio wengi katika Afrika ya Mashariki, hukumu yake ni makuruhu, maadamu hapana kamari ndani yake, wala Sala haipotei, wala hapana matusi. Yakiingia hayo, huwa haramu bila khitilafu. Bao nalo halina dado. Ni hesabu na fikira, na mwenye kulipima atalipima kwa mizani hiyo hiyo. Mwenye kutaka kujiepusha nalo kwa ucha Mungu asilaumiwe, na anayecheza kwa mipaka asitukanwe. Aliye na shaka na amwulize shekhe wa mahali pake.

Lakini mipaka ni mipaka. Kamari si fedha nyingi tu. Vijana wengi hucheza bao au drafti kwa kuwekeana chupa ya soda, na anayefungwa ndiye anunuaye. Hiyo ni kamari, hata kama soda ni ya bei ndogo. Na wakati mbaya wa bao ni baina ya Alasiri na Magharibi, kwa kuwa barazani hapo jua huzama watu hawana khabari.

NASAHA KWA WENYE NYUMBA

Hapa kwetu Nyanungu, karibu na mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Serengeti, watoto wa kiume huchunga ng'ombe na mabinti huteka maji, kama alivyokuwa akichunga Kambarage. Watoto hawa wakiwa malishoni huchimba vishimo ardhini wakatafuta vijiwe wakacheza. Nimewatazama mara nyingi. Wamo ambao darasani hawasikiki sauti zao, lakini kwenye vishimo vile hapana awawezaye. Mtoto wa namna hiyo asiitwe mjinga kwa kuwa amechelewa kujua herufi. Akili anayo, haijaonyeshwa tu njia ya kupita.

Basi nawausia wazazi na walimu wenzangu mambo haya.

Kwanza, cheza na mwanao wewe mwenyewe, angalau mara moja kwa juma. Mwanzishe kwa bao la kujifunza, ambalo kila kishimo hutiwa kete 2 na zote 64 zimo ubaoni tangu mwanzo. Akishaweza, ndipo umfundishe namu. Mtazame uso wake anapofikiri, na mtazame zaidi anapofungwa. Utamjua katika nusu saa kuliko utakavyomjua kwa kumgombeza mwaka mzima.

Pili, usimdanganye kwa kujifungisha. Mtoto hujua. Na yeye akikushinda kwa haki, mpe haki yake mbele ya ndugu zake, kama alivyofanya Mtemi Makongoro.

Tatu, kiwekwe kikomo. Adhana ikitoka, kete zirudi mfukoni, hata kama mchezo umebaki mkono mmoja. Mtoto aliyezoea kuacha mchezo anaoshinda kwa ajili ya Sala amejifunza kuitawala nafsi yake, nalo ni funzo kubwa kuliko bao lenyewe.

Nne, mabinti wasitengwe. Tumeona ya Katwe. Nyumba nyingi humwita mtoto wa kiume barazani na kumwacha binti jikoni, kisha hushangaa kwamba binti hana hesabu. Mkaribishe naye kwenye ubao, umpe zamu yake.

Tano, na hili ndilo la mwisho na ndilo lililonifanya niandike: ukiona kitu kwa mtoto, sema. Awe wako au wa jirani, Mwislamu au asiye Mwislamu, wa kabila lako au la wengine. Mwendee baba yake, umwambie mtoto huyu apewe daftari. Ikiwa baba hana uwezo, saidianeni, hata kwa viatu na kalamu. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Na miti hii tunayo mingi, imejaa malishoni.

Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kwao Butiama, na mpaka uzee wake alilipenda bao. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Picha zake ameinamia kete bado zipo, na vijana huzitazama wakadhani kwamba ni mzee aliyekuwa akipitisha wakati. Nanyi mkiziona, waelezeni watoto khabari ya yule mtemi wa Ikizu aliyefungwa na mtoto, akainuka pale mchezoni akaenda kusema na baba yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona alichoweka kwa watoto wetu na wa jirani zetu, na ulimi wa kusema tulichokiona. Amin.

Wassalaam.